Kampuni kongwe ya bunduki imezama kwenye madeni, itainukaje?

Swali: "Mzee, salamu nyingi. Mimi nasomea biashara hapa Nakawa, Kampala, mwaka wa pili, nyumbani ni Busia. Lekchara ametupa kazi: kuna kampuni ya bunduki ya zamani sana, jina kubwa, sasa imejaa deni na mauzo yameanguka, tuandike itainukaje. Wenzangu karibu wote wanaandika itafute tenda ya gavamenti au ije kuuza Afrika. Mimi naona kuna kitu hapo hakijakaa sawa lakini siwezi kukieleza. Je, inaweza kuacha bunduki ikatengeneza vitu vingine? Na wewe ukipewa hiyo kampuni ungeanza na nini siku ya kwanza?"

Jibu: Kijana wangu, salamu zimefika. Pua yako imenusa vizuri, usiogope wingi wa wenzako. Hiyo tenda ya gavamenti wanayoiandika kama dawa ndo iliyolaza kampuni kadhaa za aina hii, nitakuonyesha kwa miaka na kwa pesa. Mimi kazi yangu ni hesabu za viwanda vilivyokwama, zaidi ya miaka ishirini sasa, vya sabuni, vya mabati, vya vyuma. Cha bunduki sijawahi kuingia, lakini deni ni deni na chuma ni chuma, na kampuni za Marekani zikienda kortini kwa sababu ya deni makaratasi yao yanawekwa wazi kila mtu anasoma, kwa hiyo mambo yao tunayajua vizuri kuliko hata ya viwanda vyetu wenyewe.

Kabla sijafika huko nikupe kitu nilichokiona kwa macho. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye kiwanda kimoja huku mashariki kilichokuwa kinatengeneza wilibaro. Jina lake kila fundi wa ujenzi alilijua, mtu akienda hadwea Iganga au Mbale hasemi nataka wilibaro, anataja jina la kiwanda. Mameneja wakanikalisha ofisini wakanipa chai na makaratasi, wakasema shida ni bidhaa za kutoka nje, shida ni umeme, shida ni benki. Mama mmoja aliyekuwa anashika stoo akanisubiri nitoke, akaniambia mzee njoo huku nyuma. Nyuma ya stoo kulikuwa na wilibaro zilizorudishwa, nyingi, zimepandana mpaka karibu na paa. Akachukua moja mpya na moja ya zamani sana yenye kutu akaniambia bonyeza. Ile ya zamani nikabonyeza kwa dole gumba, haikusogea. Ile mpya ikabonyea mbele yangu kama mfuniko wa bati la maziwa. Walikuwa wamepunguza unene wa bati, alafu wakapunguza tena, na pale gurudumu linaposhikwa walikuwa wanagusisha welding mara mbili badala ya kuzungusha yote. Kwa miaka kama mitatu hesabu zilionekana nzuri sana, maana gharama imeshuka na watu bado wananunua jina. Mwaka wa nne jina likaisha.

Hilo ndo jambo ninalotaka ulishike kwenye kazi yako nzima. Kampuni kongwe ina akiba moja kubwa ambayo haikai benki, ni jina. Na jina linalika. Ukipunguza ubora unalila, ukikopa mkopo mkubwa kwa kuweka jina mbele unalila, ukiacha kuwatengenezea wateja wadogo ukamtegemea mteja mmoja mkubwa unalila pia. Kuinuka maana yake ni kulirudishia jina kile ulichokula, na hicho kinarudi kwa bidhaa tu, hakirudi kwa matangazo wala kwa mkurugenzi mpya mwenye suti.

Sasa tuchukue Colt, watengeneza bunduki wa Marekani, maana nadhani lekchara wako akisema jina kubwa anawaza hao. Samuel Colt alipata hakimiliki ya rivolva yake, bastola yenye kitundu cha risasi kinachozunguka, mwaka 1836, akafungua kiwanda Paterson, New Jersey, na kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Hapo wenzako watafurahi, maana aliinuliwa na tenda ya gavamenti kweli: mwaka 1847 jeshi la Marekani likaagiza rivolva 1,000 wakati wa vita na Mexico, yeye hana hata kiwanda, ikabidi zitengenezwe kwenye kiwanda cha Eli Whitney mdogo. Kutoka pale akajenga Hartford, Connecticut. Kwa hiyo sikatai, tenda inaweza kumtoa mtu shimoni. Ubaya ni kwamba ilimtoa mara moja na kampuni ikazoea kutolewa.

Angalia yaliyofuata zaidi ya miaka mia baadae. Colt wanatengeneza M16, bunduki kuu ya jeshi la Marekani, maisha mazuri. Mwaka 1986 wafanyakazi wao wanaingia kwenye mgomo, na ule mgomo unakaa miaka minne, si wiki nne, miaka minne. Kampuni inaendelea kwa watu wengine waliochukuliwa kushika mashine. Mwaka 1988 jeshi linawanyang'anya kontrakti ya M16 linawapa FN, Wabelgiji wenye kiwanda South Carolina. Mwaka 1990 mgomo unaisha kwa kampuni kuuzwa, wafanyakazi na mfuko wa pensheni wa jimbo la Connecticut wakiwa ndani ya wanunuzi, na mwaka 1992 wako kortini kuomba kulindwa na wanaowadai. Ungedhani wamejifunza. Wakapata M4, bunduki fupi ya jeshi, tena wao peke yao ndo wanauza, jeshi halina pengine pa kununua. Hiyo ikaenda mpaka mwaka 2009, haki za michoro zikaingia mikononi mwa jeshi lenyewe, na jeshi likaita tenda ya wazi. Februari 2013 FN tena wakaichukua, bunduki kama 120,000, kontrakti ya karibu dola milioni 77. Ni pigo lile lile walilopigwa 1988, na aliyewapiga ni yule yule.

Na wakati wote huo wako busy na jeshi, raia wa kwao walioitaka rivolva ya Colt walikuwa wanaambiwa hakuna. Python, rivolva yao ya mwaka 1955 ambayo watu wanaitunza kama saa ya dhahabu, waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wateja walikuwepo, bei za Python za mitumba zikawa zinapanda kila mwaka. Hebu fikiria, bidhaa yako ya mitumba inapanda bei juu ya ile mpya ya mwenzako na wewe umefunga hiyo laini! Mimi nikiona kitu kama hicho kwenye kiwanda naumia kabisa, ni kama mtu ana kisima uani kwake na anakopa pesa ya kununua maji.

Alafu deni. Hapa naomba uende polepole maana ndo sehemu wanafunzi wengi wanairuka. Mwaka 2009, mwaka ule ule M4 inatoka mikononi, Colt Defense, upande wao wa silaha za jeshi, wakauza bondi, yaani karatasi za mkopo, za dola milioni 250 kwa riba ya asilimia 8.75, kulipwa yote 2017. Chukua kalkuleta. Riba peke yake ni karibu dola milioni 22 kila mwaka, kabla hujanunua chuma, kabla hujalipa fundi mmoja. Pesa hiyo haikwenda kununua mashine mpya za kuleta faida mpya, nyingi ilikwenda kulipia madeni mengine na kuwapa wenye kampuni chao. Mei 2015 wakashindwa kulipa riba ya nusu mwaka, kama dola milioni 10.9, na Juni wakaingia kortini.

Kule kwao kuna sura ya 11 ya sheria ya kufilisika, inamaanisha unaomba korti ikukinge wanaokudai wasikukamate, unaendelea kufanya kazi huku mnapanga upya nani atalipwa kiasi gani. Hata sisi Uganda tuna kitu cha ukoo huo, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011 inaruhusu kampuni iwekewe msimamizi wa muda na wanaodai wasimame kidogo, ila watu wetu wanakuja kuikumbuka wakati mali imeshapigwa mnada. Colt walitoka kortini Januari 2016, deni limepungua kwa takriban dola milioni 200 na mtaji mpya umeingia. Kwa hiyo ndio, hatua ya kwanza ya kupona ni kushusha deni, hakuna njia ya kuizunguka. Kampuni inayolipa riba ya milioni 22 huku imepoteza kontrakti ya milioni 77 haiwezi kuponywa na bidhaa nzuri hata iwe nzuri vipi.

Lakini korti inashusha mzigo tu, haimfundishi mtu kutembea. Kwa hilo waangalie Remington.

Remington ilianza mwaka 1816 huko Ilion, New York. Mwaka 2007 ikanunuliwa na Cerberus, hao ni watu wa pesa, kazi yao ni kununua kampuni, kuzifunga pamoja na kuziuza. Wakakusanya majina mengi ya bunduki chini ya mwamvuli mmoja, na deni likazidi kupanda. Mwezi wa tatu 2018 wakaenda kortini, wakafutiwa deni la zaidi ya dola milioni 700, wakatoka. Julai 2020 wakarudi tena kortini, na safari hii kampuni ikakatwa vipande vikauzwa kimoja kimoja. Miaka miwili tu! Na 2020 ndo mwaka bunduki zilinunuliwa Marekani kuliko wakati wowote, yale maombi ya kumchunguza mnunuzi yanayopita FBI yalizidi milioni 39 mwaka huo (ombi moja si bunduki moja, lakini mwelekeo unauona). Yaani mvua ilinyesha na shamba likakauka. Kama shida ya kampuni ingekuwa soko peke yake, Remington ingepona 2020 bila dawa.

Kwa nini hawakupona? Nikupe kisa cha Marlin, maana kwangu hiki ndo somo zima. Marlin ni kampuni ya 1870, ya Connecticut, wanatengeneza zile bunduki za kuwindia unazozikoki kwa mkono wa chini ya triga, za kama kwenye picha za makauboi. Remington wakainunua, kiwanda cha North Haven wakakifunga mwaka 2011, mashine wakazipakia wakazipeleka Ilion. Wazee waliozoea zile mashine wengi hawakuhama nazo. Sasa wewe hujakaa kiwandani nikueleze: mashine ikishatumika miaka hamsini inalika, haikati tena kama mchoro unavyosema, fundi anayeijua anajua kwamba hii inavuta kushoto kidogo, anaweka kipande cha karatasi hapa, anakaza pale nusu mzunguko, na kitu kinatoka sawa. Huo ujuzi haujaandikwa mahali, uko kwenye vidole vya mtu. Ukihamisha mashine ukamwacha mtu umehamisha chuma chakavu. Bunduki zilizotoka Ilion miaka ya kwanza mbao haikuungana na chuma, kilengeo cha mbele kimekaa upande, wawindaji wakazipa jina la utani la kuchanganya Remington na Marlin na halikuwa jina la sifa. Wakawa wanatafuta za zamani.

Alafu kwenye ule mnada wa 2020 Ruger wakainunua Marlin kwa karibu dola milioni 30. Ruger ni kampuni ya bunduki pia, inayojulikana kwa kutopenda deni. Hawakukimbilia kuuza. Walichukua zaidi ya mwaka wakipanga upya jinsi ya kutengeneza ile bunduki kwenye mashine za kisasa kwenye kiwanda chao cha Mayodan, North Carolina, mfano mmoja tu kwanza, ule wa 1895, wakaanza kuutoa mwisho wa 2021. Jina ni lile lile, mchoro kwa macho ni ule ule, na watu walewale waliolikimbia wakarudi na kupanga foleni. Kama lekchara anataka mfano mmoja wa jinsi jina la zamani la bunduki linavyofufuliwa, mpe huo wala usihangaike na mingine. Walitangulia na bidhaa moja iliyonyooka, mengine yakafuata.

Na kwenye mnada huo kuna namba mbili naomba uziweke kwenye kazi yako. Biashara ya risasi ya Remington, pamoja na jina lenyewe la Remington, ilinunuliwa na Vista Outdoor kwa dola milioni 81.4. Biashara ya kutengeneza bunduki za Remington, kiwanda cha Ilion na vyote, ilikwenda kwa milioni 13. Umeona? Bunduki ikitengenezwa vizuri inakaa miaka themanini, mtu anairithi kwa baba yake, hanunui nyingine. Risasi anapiga Jumamosi, Jumamosi ijayo ananunua tena. Ni kama boda, anayeuza pikipiki anakuona mara moja kwa miaka mitano, anayeuza oili na spea anakuona kila mwezi. Hata Winchester, kampuni nyingine kongwe ya bunduki ya Marekani, ilipofilisika mwaka 1931 aliyeinunua alikuwa mtengeneza risasi, Western Cartridge. Hapa kwetu pia kiwanda cha Luwero Industries kule Nakasongola, cha jeshi chini ya NEC, shirika lake la biashara, hakikujengwa kwa kuvumbua bunduki mpya, kazi yake ni risasi na kukarabati silaha zilizopo. Kampuni kongwe yenye bunduki nyingi mikononi mwa watu lazima ijiulize nani anawauzia hao watu risasi, spea, magazini, na nani anawatengenezea ya babu ikiharibika. Ile ni pesa inayoingia kila wiki wakati unasubiri mambo makubwa.

Ilion ilifungwa mwezi wa tatu 2024, baada ya zaidi ya miaka mia mbili. Nilisoma ile habari jioni nikakaa kimya kidogo, maana ni mji mzima ule, mtu amefanya kazi, baba yake, babu yake, wote mlango mmoja.

Swali lako la kuacha bunduki kutengeneza vitu vingine ni zuri na jibu lake ni inawezekana, ila wengi wamekosea njia. Winchester baada ya vita vya kwanza vya dunia walibaki na kiwanda kikubwa mno, wakasema jina letu linapendwa tutauza kila kitu, wakauza visu, vifaa vya kuvulia samaki, viatu vya magurudumu, tochi, wakafungua na maduka. Ndo hao hao wakafilisika 1931. Waliuliza jina linaweza kubandikwa wapi. Sasa waangalie Husqvarna wa Sweden, kiwanda cha silaha kilichoanza mwaka 1689. Wao waliuliza mashine zetu na mafundi wetu wanaweza kufanya nini kingine. Cherehani 1872, baiskeli, pikipiki 1903, na mwaka 1959 msumeno wa injini. Leo ukienda kwa wapasua mbao ukaona ile pawasoo yenye rangi ya machungwa imeandikwa Husqvarna, uliza kama kuna mmoja anajua hao walikuwa watu wa bunduki. Kila hatua ilikuwa jirani na iliyotangulia, chuma kidogo kidogo cha kukata kwa usahihi.

Na hii iko karibu nasi kuliko unavyofikiri. Babu yangu alikuwa na baiskeli ya BSA. Mbele pale chini ya usukani kuna kibati kidogo kina bunduki tatu zimesimamishwa zikaegemeana, sisi watoto tulikuwa tunakigusa tukiuliza kwa nini baiskeli ina bunduki, naye anasema ni ya vita hii, ni ngumu. Kumbe ukweli ni kwamba BSA ni Birmingham Small Arms, watengeneza bunduki wa Uingereza walioungana mwaka 1861, na oda za jeshi zilipokauka wakageukia baiskeli, baadae pikipiki. Mtu anayejua kutoboa mtutu ulionyooka anajua mabomba na anajua vyuma vya kuzunguka. Ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970 pikipiki za Japani zilipowazidi, lakini karibu miaka mia moja kutoka kwenye bunduki tatu ni maisha marefu. Andika kwamba kampuni yako inaweza kugeuka, ila ipime kwa mashine na mikono, isipime kwa nembo.

Wateja nao usiwasahau, maana bunduki si sabuni, mnunuzi wa kule ana msimamo mkali kuhusu nani anamuuzia. Smith & Wesson, watengeneza bastola wa Marekani, ilinunuliwa na Waingereza wa Tomkins mwaka 1987 kwa dola milioni 112.5. Mwaka 2000 wakatia saini makubaliano na serikali ya Clinton kuhusu usalama wa bunduki na jinsi ya kuziuza. Wateja wao wakakasirika wakawasusia, maduka yakaacha kuagiza, na mwaka 2001 kampuni ikauzwa kwa milioni 15 tu pamoja na madeni yake kwa kampuni changa ya Arizona inayotengeneza kufuli za bunduki. Yale makubaliano ndani yake yalikuwa na mambo ya kuokoa watoto, na mimi moyoni siwezi kuyalaani. Ila kama mhasibu nakuambia walifanya uamuzi mkubwa bila kuzungumza kwanza na wanunuzi wao. Waliinuka, na kilichowainua zaidi ni bidhaa tena, ile bastola ya M&P ya mwaka 2005 ambayo polisi wengi waliichukua na raia wakafuata. Polisi wengi wa miji mingi, si mteja mmoja mkubwa. Hiyo ni tofauti kubwa sana na tenda ya wenzako.

Kuna na upande wa pili wa hasira. Remington walishtakiwa na familia za baadhi ya watoto na watu wazima waliouawa shuleni Sandy Hook mwaka 2012, kesi ikashika jinsi ile bunduki ilivyotangazwa, na mwaka 2022 bima zao zikalipa dola milioni 73. Kwa hiyo kwenye mpango wako weka mtu anayesoma kila tangazo kabla halijatoka. Tangazo la kumwambia kijana bunduki itamfanya mwanaume ni deni ambalo bado halijaandikwa kitabuni.

Sasa hiyo ya kuja kuuza Afrika. Nitasema waziwazi. Hapa Uganda raia kupata bunduki ni kwa lisensi chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, soko la raia ni dogo sana, haliwezi kuokoa kiwanda cha Connecticut. Jeshi na polisi wetu wamezoea silaha za ukoo wa Kalashnikov, wana spea zake, wana mafunzo yake, hawawezi kubadilisha kila kitu kwa sababu kampuni moja ina shida na benki. Majirani zetu Sudan Kusini wako chini ya marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa tangu 2018. Na kuna hili ambalo mwanafunzi wa Nakawa analijua kuliko mwandishi wa kitabu cha biashara kule Marekani: Karamoja, kwa wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Uganda, jeshi limekusanya bunduki tangu 2001, mara wanakusanya zinarudi, mpaka 2021 ikabidi waanze tena na ile oparesheni ya Usalama kwa Wote. Watu wamezika watoto kwa ajili ya ng'ombe na bunduki zilizovuka mpaka. Mpango wa kampuni unaosema wokovu wake ni kumwaga bunduki sehemu kama hizi ni mpango mbaya kwa watu, na hata kwa pesa ni mbaya, maana lisensi za kusafirisha zinaweza kufungwa asubuhi moja na hela yako iko njiani. Waambie wenzako hivo, kwa heshima.

Colt wenyewe sasa wako wapi? Baada ya korti walianza kurudi kwa wanunuzi wadogo. Mwaka 2017 wakarudisha rivolva, Cobra, alafu Januari 2020 wakarudisha Python, imechorwa upya ndani, chuma kimeongezwa pale palipokuwa dhaifu, bei kama dola 1,500 na watu wakazipigania. Kati hapo, Septemba 2019, walisimamisha kuwauzia raia zile bunduki za aina ya AR, ndugu wa M16 wa kiraia, kwa sababu soko lilikuwa limejaa watengenezaji, na mimi naona walikuwa sahihi kukubali kwamba pale hawana cha pekee. Mei 2021 wakanunuliwa na Wacheki wa Česká zbrojovka, dola milioni 220 na hisa juu yake, na mwaka uliofuata kundi zima likaitwa Colt CZ Group. Angalia nani alinunua: watengeneza bunduki, wana kiwanda Uherský Brod tangu 1936. Mara hii haikuwa mfuko wa pesa. Anayekununua akiwa anajua kusoma mashine, mkutano wa kwanza anauliza kuhusu mashine. Akiwa mtu wa pesa anauliza tunaweza kukopa kiasi gani. Nimeketi kwenye mikutano ya aina zote mbili na tofauti unaisikia ndani ya dakika kumi.

Siku ya kwanza basi. Makaratasi ya benki yangesubiri mpaka saa nane mchana. Asubuhi ningeomba nipelekwe kwenye meza ya bunduki zilizorudishwa na wateja, kila kiwanda kina meza hiyo hata kama mameneja hawaijui ilipo. Ningekaa na fundi anayezipokea, nimwombe azipange kwa kosa, hizi triga, hizi mtutu, hizi mbao, hizi zimerudi mara ya pili. Remington mwaka 2014 walitoa bastola ya R51 ikabidi waiite yote irudi mwaka huo huo, na naamini kuna fundi mahali alikuwa anajua kabla ya mkurugenzi. Ningemuuliza ni mfano gani haurudi kabisa. Huo ndo ningeulinda, nipunguze mingine, hata kama ni mmoja tu kati ya ishirini. Alafu ningeuliza ni nani kati ya wazee wa mashine anakaribia kustaafu, na nani kijana amekaa naye.

Yule mama wa stoo ya wilibaro nilimpendekeza awe mkaguzi wa ubora. Mameneja walikataa, wakasema hana cheti. Waliokinunua kile kiwanda baadae walimtafuta nyumbani kwake wakampa kazi hiyo, na bati likarudi unene wake wa zamani.